Ukurasa wa Mia na Hamsini na Moja

Kitabu chako, Bi Mize, nilikikuta Wete
katika kabati la skuli lenye mguu mmoja wa tofali.
Jalada hakuna, jina lako limebaki nusu,
na mwisho umeng'olewa.
Biubwa amesimama kizingitini, mvua inakuja,
basi.
Baada ya hapo ni uzi mtupu na gundi.

Mwalimu Haroub akasema bila kuona haya:
"Karatasi zile kachukua Bakari wa njugu."

Mwezi mzima nikala njugu.
Kwa njaa na bila njaa,
kila kifuko nakikunjua:
hesabu za darasa la tano,
barua ya mtu anayedaiwa,
nusu ya ramani ya Afrika, chumvi imejaa Sahara.
Mama akaanza kunitazama tumbo.

Ijumaa moja ndipo ukaja
ukurasa wa mia na hamsini na moja,
umelowa mafuta, pembe moja haipo,
na ndani yake maneno haya, niliyasoma nimesimama juani:
*Akaufunga mlango kwa kipande cha kanga,
maana kitasa walishakiuza.*

Hukuandika dhiki.
Hukuandika kwamba maisha yalikuwa magumu kama jiwe.
Hayo ningeyaandika mimi, na daftari ninalo, ushahidi.
Wewe uliuza kitasa tu,
ukaniacha nihesabu vilivyotangulia kuuzwa:
kitanda? bakuli za harusi? vipuli?

Nikautunga mwisho wangu, kurasa arobaini,
nikaja nao Chake, Machomane, nikaulizia nyumba.
Ulikuwa chini, miwani imefungwa kwa uzi,
unachambua karafuu.
"Soma," ukasema. "Mikono ndiyo yenye kazi, masikio hayana."

Nikasoma. Biubwa akalia.
Akalia tena.
Ukurasa wa nne, bado analia.
Ukaokota kichala, ukakikonyoa taratibu:
"Mwanangu, huyu anayelia tangu alfajiri,
nani kawapikia watoto wake?"

Nikanyamaa. Sikuwa nimewapa hata uji.

"Walishe kwanza. Halafu, akipata nafasi, alie."

Hukushika kalamu mchana ule.
Ulikuwa ukisikiliza tu, na kidole kikionyesha:
konyo hilo. Konyo. Hilo nalo konyo.
Hiyo karafuu, iache.
Mpaka laasiri, katika arobaini zikabaki tisa.
Nikataka kuzichana zile nyengine, nikiwa nimevimba koo,
ukanidaka mkono:
"Makonyo hayatupwi. Nayo yana mafuta yake.
Ila usiyatie gunia moja na karafuu,
mpimaji atakurudisha nyumbani."

Nikakuuliza, basi mwisho wako wewe ni upi?
Ukacheka hata miwani ikaanguka.
"Miaka thelathini! Mimi mwenyewe nakala sina.
Mlango naukumbuka. Aliyeingia simkumbuki."

Mpaka leo sijui kama ulisema kweli.

Sasa mchana napima karafuu kituoni,
usiku naandika, umeme ukiwapo na usipokuwapo.
Lile neno *huzuni* bado huja, limejipamba,
linapiga hodi kama mgeni wa heshima.
Nalikaribisha. Nalipa kisu,
nalipa na muhogo, limenye.
Mara nyingi huondoka kabla ya chungu kuchemka.

Wiki iliyopita Bakari, mvi kichwa kizima,
alipita akiulizia karatasi kuukuu.
Nikampa furushi: miisho saba ya Biubwa,
yote mibovu,
nimeiandika upande mmoja tu,
upande wa pili nimeuacha mweupe.
Kuna mtu hapa Wete, chumvi vidoleni,
atakunjua, atasoma, ataudhika,
atataka kujua ule mlango
nani aliufungua.