Usiku wa Kuamkia Mechi ya Saba

Redioni wanachambua.
Wamekaa wanne studioni, wanapima kwa asilimia:
Wahunzi wa Rautakoski hamsini na mbili,
Korongo wa Kuusilahti arubaini na nane,
nusu fainali, tatu kwa tatu, na kesho ndiyo kesho,
asemaye kesho kutwa ni mwongo.

Mimi sina asilimia. Nina mashine tatu,
ya kati huruka kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi,
na jezi ishirini na mbili za buluu
zilizorudi jana kutoka ng'ambo ya ziwa,
zimelowa, zimeshikana ndani ya mifuko.
Miaka thelathini na mmoja nawafulia Wahunzi.
Siri ya mtungi muulize kata;
ya nahodha, niulize mimi.

Nahodha Ketola, wanasema, ana maumivu madogo
"sehemu ya juu ya mwili." Hayo madogo
nimeyasugua kwa chumvi na maji baridi
(damu haipatani na moto, mama alitufunza)
na ukosi bado una kivuli.
Bega la kushoto limekatwa kwa mkasi.
Mtu awezaye kuinua mkono
havuliwi kwa mkasi.

Onni, kipa wetu, ana miaka ishirini.
Mechi ya kwanza fulana yake niliikamua kama tambara la deki,
maji yakajaa nusu ndoo.
Ya sita imerudi karibu kavu.
Wachambuzi wanauita utulivu.
Mimi nimelea wanne:
homa isiyotoa jasho ndiyo ya kukesha nayo.

Na yule beki Mlatvia, Gvido, mrefu kama ngazi,
glavuni mwake nimekuta karatasi:
namba ya simu ya wodi ya wazazi, Riga,
na chini yake, kwa kalamu nyingine, *usipige wakati wa mechi*.
Nimeianika juu ya kipasha joto.
Nitairudisha glavu ile ile, kidole kile kile.

Ng'ambo, kilomita sita kwa barafu,
tisini na moja kwa barabara,
dada yangu Maire anafua za Korongo.
Zake ni nyeupe. Nyeupe haina adabu, husema kila kitu.
Njia ya ziwani wameifunga tangu Jumanne,
barafu imekuwa kijivu, usiku inaguna
kama mzee anayegeuka kitandani,
kwa hiyo tunabaki na simu, saa nne kamili.

Umechoka?
Kidogo.
Mashine?
Inaruka.

Hatutaji mtu, hatutaji kiungo.
Zamani, msimu wangu wa pili, aliniuliza juu ya goti fulani
nami nikajibu, kwani ni dada.
Kesho yake goti lile liligongwa mara tatu,
ya tatu likalia hadi jukwaa la juu.
Hatukusemezana mpaka mazishi ya baba,
na hata hapo tuliongea juu ya maua tu.

Usiku huu nasikia bomba likimimina nyuma yake,
likimimina muda mrefu kuliko jezi zinavyohitaji.
Kisha analifunga.
Kisha anasema, kama asemaye habari za hali ya hewa:
"Chumvi imeniishia."

Nikanyamaza.
Redioni mmoja amepandisha Korongo hadi hamsini,
eti wako fiti, kikosi kamili.
"Jaribu duka la Alatalo," nikamwambia,
"wana ya mawe, mfuko wa kilo tano."
"Nilinunua hiyo hiyo," akasema, "Jumatatu."

Tukaagana.
Nikazima redio, nikavuta taa karibu,
nikaichukua namba kumi na tisa kushona bega.
Uzi mara mbili, kama kawaida.
Ila mishono nimeiachia nafasi,
mirefu, milegevu kidogo:
mkasi kesho
utataka pa kupita.