Duara la Ishirini

Refa alipima kasi ya bunduki yangu, akaguna, akakaza skrubu,
akanifunga utepe wa bluu mkononi,
akanipa kadi: maduara ishirini, mistari minne.
"Lurleen, wewe tabibu. Duara moja, mtu mmoja.
Ukitibu, natoboa. Yakiisha, u askari kama wengine."
Nikaitia mfuko wa kifuani,
panapokaa kitambulisho cha hospitali siku za kazi.

Haya ni malisho ya akina Haskew, kusini mwa Missouri,
Novemba, majani ya mwaloni yamefika vifundoni,
na hadi jioni hakuna anayeitwa jina lake.
Orville Teague, fundi bomba aliyezibua sinki langu mwezi wa nane,
leo ni jemadari. Ana hema, ana ramani, ana sigara asiyoiwasha.
Dada wawili wa duka la mbegu ni wabomoaji:
wao tu wana ruhusa ya kubeba roketi,
roketi yenyewe sifongo, lakini ikigusa ukuta
refa husema "nyumba imeanguka," na nyumba huanguka
ingawa imesimama.
Kifaru ni kigari cha gofu kilichovishwa plaiwudi.
Jasusi hatumjui. Ndiyo kazi yake.

Lugha tumejifunza kama watoto wa zamani, kwa kupigwa.
"Rangi" ni risasi: nipe rangi, nimeishiwa rangi.
Gololi ikikugonga isipasuke, imedunda, hukufa.
Ikipasuka, unainua mkono, unaivika bunduki soksi yake,
unarudi kambini kungoja saa kamili uzaliwe upya.
Njiani watakuuliza: wako wangapi? wako wapi?
Usijibu. Maiti hasemi.
Na anayejipangusa kwa siri huitwa mfutaji;
hakuna tusi kubwa kuliko hilo kutoka hapa hadi barabara kuu.

Mimi wananiita kwa yowe. Tabibu! Tabibu!
Nakimbia na goti langu bovu,
naweka viganja viwili begani mwa Brantley, kitinda mimba wa Haskew,
nahesabu hadi kumi, napangusa rangi ya njano,
nasema: inuka.
Anainuka.
Sijui nieleze vipi. Miaka thelathini na moja ya zamu za usiku,
nimewaambia wangapi neno hilo.
Anainuka, anacheka ndani ya barakoa,
hata asante hasemi, huyo, kapotea mitini.
Refa anatoboa. Kipande cha karatasi kinaanguka kwenye majani.

Kufikia saa kumi alasiri yametobolewa kumi na tisa.
Matatu ni ya mtu mmoja; hana akili, anapenda daraja.

Ndipo jemadari akaanguka kijitoni.
Nilifika kwa magoti. Nikatafuta rangi kifuani, tumboni, ubavuni.
Ilikuwa kwenye kioo cha barakoa, katikati ya macho,
ikitiririka taratibu.
Na sheria hii hata wageni wanaijua:
aliyepigwa kichwani hana tabibu.
"Orville," nikasema. Jina lake. Kosa la kwanza.
Alilala chali, mikono kaitandaza, akifa kwa bidii,
pande la mtu kwenye maji yasiyofunika kisigino.
Nikaweka viganja. Nikahesabu.
Refa alinitazama tu hadi nikafika kumi.
"Lurleen. Kichwa."
"Naona."
Orville akafungua jicho moja. "Niache, maji ya baridi haya."
Lakini maiti hasemi, kwa hiyo sikusikia.

Njano walishinda. Tulikula maharage na nyama pamoja, tumeegemea magari,
wao na sisi, masikio yamejaa rangi.
Kadi hurudishwa, kuna ndoo getini.
Yangu nilisahau.

Jumatatu usiku, nikibandika kitambulisho, niliikuta kwenye koti,
imekunjamana, matundu kumi na tisa
na duara moja zima.
Taa ya chumba cha nne ilikuwa inawaka.
Nikanawa mikono.