Fomu ya Maswali Kumi na Minane

Daktari kanipa kalamu ya buluu na karatasi mbili:
moja yangu, moja ya Mwalimu Rukiya.
"Jibu bila haraka," kasema.
Haraka! Twalib alikuwa keshapanda kitanda cha wagonjwa,
keshafungua droo,
keshauliza kama mizani ile hupima hata paka.

*Hukosea kwa kutotazama vyema?*
Mara nyingi.
Daftari lake la hesabu limepitiwa na punda:
jibu sahihi,
kwa swali ambalo hakuulizwa.

*Humwia vigumu kutulia kwenye jambo moja?*
Hapo nikasita.
Maana siku ya redio mbovu ya bibi yake
alikaa chini ya ngazi toka adhuhuri hadi magharibi,
hakula, hakusikia jina lake,
na redio ikazungumza.
"Basi anaweza," mke wangu akasema. "Ni ukaidi."
Daktari akatikisa kichwa:
"Umakini anao, mama.
Usukani ndio haujakaza."

*Akisemeshwa, huonekana hasikii?*
Masikio tulishayapima. Mazima.
Punda akilia Langoni, yeye yuko Mkomani, humsikia.
Ila "vaa viatu" ni maneno mawili:
viatu humfika,
kuvaa hubaki njiani.

Nisiseme uongo. Tulimnywesha kombe siku saba.
Shangazi Kupi akafukiza ubani, akataja jicho la mtu.
Bakora ya chuoni ilimfundisha kuogopa,
haikumfundisha kukaa.
Nami nilimpiga. Mara tatu. Nazikumbuka zote,
na fomu haina mahali pa kuziandika.

*Huanza kazi asiimalize?*

Kalamu ikagoma.
Nikaiona karakana yangu:
mlango wa Bwana Shekuwe, nakshi nusu, tangu Mfunguo Sita;
kasha lisilo kifuniko;
kiti cha enzi chenye miguu mitatu;
patasi nne za namna moja,
kwa kuwa kila moja niliinunua nikiitafuta iliyotangulia.
Mjini waniita Fundi Kesho.

*Hupoteza vitu? Husahau ya kila siku?
Hudakia jibu kabla swali halijaisha?*
Mke wangu akajiziba mdomo kwa pindo la buibui.
"Fomu hii," akasema, "wamemwandikia nani?"
Daktari hakucheka.
Akaniuliza shuleni nilikuwaje.
Nikasema, mpumbavu.
"Nani alikwambia?"
Nikawahesabu. Walikuwa wengi,
na mmoja wao mimi.

Hawakumtoa damu, hawakumpiga picha ya kichwa.
Tulingoja karatasi ya mwalimu,
tuone kama shule na nyumba zasema neno moja.
Zikasema.
Jina lake refu, upungufu wa umakini na mwili usiotulia,
mke wangu kalifunga kwenye ncha ya leso pamoja na nauli.

Sasa kuna kidonge, baada ya chai na mahamri,
maana kikitangulia hufukuza njaa.
Kila mwezi twampima uzito.
Mwalimu kamtoa dirishani, humtuma chaki mara kwa mara
ili miguu nayo ipate haki yake.
Nyumbani twasema neno moja moja.
Viatu. (Ngoja.)
Mkoba. (Ngoja.)
Haya, nenda.

Si muujiza. Jana kamwaga uji kwenye daftari jipya.
Juzi kamfungua punda wa jirani,
"alikuwa kachoka kusimama."
Mamake akafungua kinywa, akakifunga,
wakaenda wote wawili kumtafuta yule punda.

Jioni huja karakanani, hukalia magogo,
miguu ikipiga ngoma yake.
"Patasi," huniambia. Hungoja.
"Waridi hili hapa, Baba. Hili tu." Hungoja.
Nami nachonga hilo tu.
Nikiinua macho, yeye hayupo,
keshatoka mbio, viatu kaviacha mlangoni.

Simwiti.
Nashika waridi la pili.