Kitabu Kimechelewa

Bi Asaa wa maktaba, asalamu aleikumu.
Nakuandikia kabla hujafungua daftari lako la faini,
maana najua jina langu limo, kwa wino mwekundu:
Mize binti Shaame, wa Wawi,
kitabu kimoja, siku arubaini na moja.

Kwanza nikiri doa.
Ukurasa wa thalathini na nne, penye picha ya sahani
iliyogawanywa mafungu, ule ni mchuzi wa pweza.
Tulikiweka kitabu katikati ya mkeka kama mgeni,
kila mtu kanyoosha shingo,
na mama akapima wali kwa kikombe cha kahawa,
mkono ukimtetemeka kama anayepima dhahabu.
"Hiki chakula, au mwawalisha kuku?" baba akauliza.
Hapana aliyecheka.
Kisha tukacheka sote.

Baba huyu humjui.
Miaka thelathini kapima karafuu za watu kituoni,
hakumpunja mtu ratili.
Damu yake mwenyewe hakuipima
mpaka mguu ulipoanza kumfa ganzi
na daktari wa Chake akamtajia namba
ambayo hata kwa karafuu ni nyingi.
Akarudi kimya.
Akatia vijiko vinne kwenye chai, kwa hasira.

Mwanangu Faki, wa darasa la nne, ndiye msomaji wetu.
Baba husoma msahafu, na barua za zamani kwa herufi za Kiarabu;
hizi za skuli, asema, zinatembea kinyumenyume.
Basi baada ya isha Faki hukaa baina ya magoti yake
akilivuta neno "kongosho" silabi kwa silabi,
na baba huuliza:
"Kongosho ndiyo wapi?"
"Imo ndani yako, babu."
"Sijapata kufika."

Ukurasa wa hamsini ukasema: tembea nusu saa kila siku.
Hapo pakazuka neno.
Mwanamme wa Wawi hatembei bure.
Huenda shamba, huenda msikitini, huenda mazikoni.
Akionekana barabarani mikono mitupu, anarusha miguu tu,
barazani wataulizana kimempata nini.

Kesho yake, baada ya alasiri, akavaa kofia,
akakitia kitabu kwapani.
"Naenda kurudisha amana ya watu."
Akaenda. Maktaba imefungwa.
Akarudi nacho.
Na siku ya pili. Na ya tatu.
Ya sita nikamwambia: baba, wale hufunga saa tisa na nusu.
"Najua," akasema, akafunga kamba za viatu.

Sasa njia nzima imeshajua.
Muuza boflo humwuliza, "Hawajafungua tu?"
"Bado," hujibu, wala hasimami.
Fundi cherehani hutazama saa kwa kupita kwake.
Faki huenda naye siku za Ijumaa,
wakasoma vibao vya maduka kwa sauti,
na baba, kinyumenyume hivyo hivyo,
ameshalijua jina la duka la dawa.

Juzi tulikwenda kupima.
Namba imeteremka. Sikutajii;
kaiandika mwenyewe kwa herufi zake,
kwa kalamu ya risasi, ndani ya jalada lako.
Ukiniamuru, nitaifuta.
Usiniamuru.

Faini imo kwenye bahasha hii, ihesabu.
Imetoka kwenye kopo la jikoni:
ni pesa ambazo zamani zilikuwa sukari.

Ombi langu moja.
Siku ukichelewa kufunga, ukamwona mtu mrefu anateremka,
kofia kaivuta mbele, kitabu kwapani,
zima taa, dada yangu. Vuta mlango.
Na akikuwahi mguu ndani,
basi kipokee, lakini asitoke mikono mitupu.
Mpe kingine. Kinene.
Na tarehe ya kurudisha,
muandikie kesho.