Debe la Udaga

Jana walinipa ngao ya kioo
katika ukumbi wa hoteli kule Kapri Point.
Mshereheshaji akasema, "Huyu ni mtu aliyejijenga mwenyewe."
Nikapiga makofi na mimi, Ng'washi.
Mikono ilishazoea uongo huo.

Nikarudi Igogo na ngao kwapani.
Umeme umekatika. Nikapapasa stoo nitafute chemli,
nikagusa debe lako, lile la unga wa udaga,
ambalo tangu tukuzike Misungwi
hakuna aliyelifunua.

Unga haukuwamo. Mlikuwa na barua.

Ya kwanza naijua: mwandiko wangu wa mwaka themanini na tatu,
herufi zimeinama mbele kama watu wanaokwenda kupigana.
Kwa Bwana Kasembo, meneja wa kinu cha pamba:
mwisho wa mwezi naacha kazi, na mtambo wako ufe.
Nilikukabidhi asubuhi, ungepita posta
ukienda kuchukua dagaa Mwaloni.
Jioni nikauliza, "Imekwenda?"
Ukasema, "Nimeiweka."
Hukudanganya. Uliiweka.
Mwezi ukaisha, Kasembo kimya,
nikadhani ameniogopa; nikabaki kazini kwa majivuno.
Miaka sita baadaye ni yeye aliyeniuzia
mashine ya kukereza vyuma kwa bei ya mbuzi wawili.

Ya pili ni ya kaka Lufungulo, Ukerewe,
habari za ng'ombe wa mahari ya dada:
matusi kurasa tatu, mbele na nyuma.
Bahasha haina stempu. Pana doa la gundi tu, la mraba,
pale ulipoibandua kwa mvuke wa chai.
Sasa naielewa ile Krismasi
Lufungulo aliposhuka melini na gunia la machungwa,
akanishukuru kwa barua nzuri,
nami nikamkumbatia
bila kujua nimeandika nini.
Kiwanja chake ndicho kilichosimama dhamana benki
nilipoomba mkopo wa karakana.

Ya tatu sikukupa.
Ilikuwa mfukoni mwa koti, na koti likaenda kufuliwa.
Ilikuwa ya mwanamke wa Geita.
Nilidhani imedondoka njiani. Nikalaani, nikashukuru,
sikuandika nyingine.
Na wewe usiku ule ulinipakulia furu na ugali,
ukasema mvua ikija paa la jikoni litang'oka,
nisisahau misumari.
Misumari! Basi.
Kesho yake nilipigilia mpaka giza likaingia,
sikujua napigilia nini.

Hukunikaripia hata siku moja.
Ungenikaripia ningebisha,
na mimi nikibisha hushinda. Hilo pia ulilijua.

Wageni hupiga picha mawe ya Mwanza,
wakisema yamekaa juu kwa miujiza.
Mimi fundi, siamini.
Chini ya kila jiwe la juu
lipo jingine lisilopigwa picha.
Lakini hata hapo nakupunja, Ng'washi:
jiwe halifui makoti.
Jiwe halibandui stempu.

Ya tatu nimeichoma.
Mbili nimezirudisha, na ngao nikailaza juu yake,
nikafunika.

Leo asubuhi, karakanani Kirumba,
Mashauri, mwenye mikono myepesi kuliko vijana wangu wote,
alikuwa ameinamia simu, kidole gumba kinatetemeka,
anamwandikia baba mkwe wake maneno ya mwisho.
Injini ya boti imefumuliwa mezani.
Nikamwambia, "Hebu weka simu hapo.
Nishikie kwanza hii nati."
Akashika.
Ilikuwa nati ya kawaida, haihitaji watu wawili.
Nikaikaza polepole,
nikailegeza,
nikaikaza tena,
mpaka chai ya saa nne ikaletwa.