Mto wa Dukani

Sapporo, ghorofa ya tatu, theluji dirishani.
Mzee Kiyotaka alivua viatu, akauliza kwa haya:
"Naweza kulala hapa chini?"
Mitsuha, muuzaji, akamletea mto wa kiti
na hedifoni tatu zilizozibwa mgongo.

Za kwanza, za mbao ya mwaloni, zilikuwa na besi ya kutetemesha kifua;
alipogeuka ubavu, zikamng'ata taya.
Za pili, ngozi laini ya kondoo,
ila tao lake lilimsukuma kisogo, kidevu kifuani,
kama mtoto anayekaripiwa.
Za tatu zilikaa.
Bei: pensheni ya miezi miwili.
Alibaki chali, akitazama taa za dari,
wateja wakimruka miguu.

Miaka arobaini alitengeneza piano za watu.
Sasa muziki wake ni wa usiku, kuta ni karatasi,
na usingizi wa Fumie ni wa mang'amung'amu.

Nyumbani akazivaa, akafungulia.
"Unasikia?" akauliza, kwa sauti ya kiziwi.
"Nakusikia wewe tu," Fumie akasema gizani.

Jibu halikumfikia.
Akangoja kidogo,
kisha akafunua sikio moja,
la upande wake.