Daftari la Akonkwa

Jumatatu alimng'ata Murhula mkononi.
Jumatano kimya, alichora magari.
Alhamisi alipindua dawati, wino ukamwagika,
nami nikamchapa. Naandika hata hilo.

Kadutu nzima ilikuwa na jibu:
jirani alisema pepo,
mchungaji akataka siku tatu za kufunga,
mjomba akavua mkanda.
Nabintu, mama yake, anayepanda na ndoo ya sambaza
ngazi hadi ngazi tangu alfajiri,
aliniuliza neno moja tu:
"Mwalimu, huwa ni saa ngapi?"

Sikujua.
Nikaanza kuandika saa.

Wiki ya tano nililaza daftari lake kando ya rejista,
pale ninapoandika "mvua" kwa watoto wasiofika.
Mvua, meno. Mvua, dawati. Mvua, meno.
Jumatano ile ya magari palikuwa na jua.

Nyumba yao ya kwanza iliteremka na mlima usiku,
mabati yakipiga kelele hivi hivi.
Dada yake alibaki chini ya udongo.

Sasa wingu likisimama juu ya ziwa
namwita kabla ya tone la kwanza.
Anakaa mlangoni, auone uwanja,
ameikumbatia kengele ya shule;
ulimi wake nimeufunga kitambaa.
Tunahesabu hadi mvua ichoke.

Jana ilinyesha ghafla, sikuwahi.
Akaning'ata mimi.
Saa nne na robo.
Kisha akainama, akapapuliza
pale alipong'ata.

Nimeandika na hilo.